Mazungumzo ya Vijidudu: Somo Lisiloenea Katika Fani Moja

Mawasiliano ya vijidudu ni tawi la sayansi linalochunguza namna bakteria, kuvu, mwani wa seli moja na viumbe wengine wasioonekana kwa macho wanavyopashana habari kwa njia ya kemikali, na namna habari hizo zinavyobadili mwenendo wao. Tawi hili ni changa ukilinganisha na umri wa elimu ya vijidudu yenyewe, na uchanga huo una sababu yake. Tangu zama za Robert Koch, aliyekitambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, sharti la kwanza la utafiti lilikuwa kuitenga aina moja ya bakteria na kuiotesha peke yake katika chombo safi, ili lolote litakaloonekana lihesabiwe kuwa kazi ya aina hiyo na si ya nyingine. Njia hiyo ndiyo iliyoipa dunia maarifa ya vyanzo vya magonjwa ya kuambukiza, na thamani yake haijapungua hadi leo. Hata hivyo, iliacha pembeni ukweli mmoja mkubwa, kwamba katika udongo, baharini, kwenye mizizi ya mimea na ndani ya utumbo wa binadamu hakuna kijidudu kinachoishi peke yake. Kiumbe anayeishi katikati ya wengi hana budi kujua walio karibu naye ni akina nani, ni wangapi na wanafanya nini, na kijidudu hupata habari hizo kwa kuzipokea molekuli ambazo wengine wamezitoa.

Akidi ya bakteria

Ushahidi wa awali ulio wazi ulitoka baharini. Bakteria aitwaye Vibrio fischeri, anayeishi katika maji ya chumvi, ana uwezo wa kutoa mwanga wa rangi ya buluu na kijani. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na J. Woodland Hastings wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walieleza kwamba bakteria hao, wanapotiwa wachache katika maji mapya yenye chakula, huongezeka kwa muda bila kuwaka, kisha, idadi yao inapofikia kiwango fulani, huanza kuwaka wote karibu kwa wakati mmoja. Maelezo yake ni kwamba kila bakteria hutoa nje ya seli yake molekuli ndogo ambayo, wakiwa wachache, hutawanyika majini na kupotea, lakini wanapokuwa wengi hurundikana hadi kuingia tena ndani ya seli kwa wingi na kuziamsha jeni za mwanga, yaani zile sehemu za maelekezo ya urithi zinazoiagiza seli itengeneze vitu vinavyotoa nuru. Mwaka 1981 Anatol Eberhard na wenzake walibainisha muundo wa molekuli hiyo, na mwaka 1983 Michael Silverman na JoAnne Engebrecht wakazitambua jeni zinazohusika. Tabia hiyo hatimaye ilipewa jina linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa utambuzi wa akidi, kwa kuwa, kama ilivyo katika baraza lisiloweza kupitisha uamuzi mpaka wajumbe watimie, bakteria nao hawaanzi kazi ya pamoja mpaka idadi yao itoshe.

Manufaa ya utaratibu huo yanaonekana kwa ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, ambaye humhifadhi bakteria huyo katika kiungo maalumu tumboni mwake. Usiku ngisi huyo huwinda karibu na uso wa bahari, na mwanga unaotoka upande wake wa chini humwezesha kufifisha kivuli ambacho mwezi ungekitupa chini yake, hivyo adui aliyeko kwenye kina asimtambue kwa urahisi. Bakteria mmoja akiwaka peke yake majini anateketeza nguvu zake bila faida, kwa kuwa mwanga wake hauonekani na kiumbe yeyote. Wakiwaka kwa mamilioni ndani ya kiungo cha ngisi, mwanga huo humlinda mwenyeji wao, naye huwapa chakula na makazi. Kila alfajiri ngisi hutoa nje sehemu kubwa ya bakteria hao, waliobaki huzaliana tena mchana kutwa, na kufikia usiku akidi inakuwa imetimia upya.

Ugunduzi uliofuata ulionyesha kwamba jambo hili halikuhusu bakteria wa mwanga peke yao. Pseudomonas aeruginosa, anayeshambulia majeraha ya moto na mapafu ya watu wenye maradhi ya kurithi ya mfumo wa upumuaji, hutumia ishara za aina hiyo kuratibu utoaji wa sumu na ujenzi wa utando wa ute, ambao ni tabaka linalowafunika bakteria wengi kwa pamoja na kuwafanya wahimili dawa kwa kiwango ambacho bakteria mmoja mmoja hawezi. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, yeye huenda kinyume na matarajio ya wengi. Wanapokuwa wachache ndani ya utumbo, bakteria hao hutoa sumu na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Wanapokuwa wengi, ishara walizozirundika huzima jeni za sumu na za utando, nao huachia na kutoka pamoja na mharo hadi kwenye maji, ambako watampata mtu mwingine. Mwaka 2007 maabara ya Bonnie Bassler katika Chuo Kikuu cha Princeton ilitangaza muundo wa ishara kuu inayotumiwa na bakteria huyo. Tofauti kati ya vijidudu hivi viwili ina uzito katika tiba, kwa sababu dawa ya kuziba ishara inayoweza kumdhoofisha wa kwanza ingeweza kumchochea wa pili aendelee kutoa sumu.

Swali lisilojibiwa na fani moja

Neno mawasiliano linahitaji kutumiwa kwa uangalifu, na wanasayansi wenyewe wamebishana juu yake. Mwaka 2002 Rosemary Redfield, mtaalamu wa vijidudu nchini Kanada, alitoa hoja kwamba huenda bakteria hahesabu kabisa idadi ya wenzake, bali huipima hali ya mahali alipo: akitoa molekuli na ikabaki karibu naye, anajua kwamba yuko mahali palipofungika, na kwamba vimeng'enya atakavyovitoa kwa ajili ya kusaga chakula havitachukuliwa na maji. Kwa hoja hiyo, molekuli ileile inaweza kuwa ujumbe kwa wengine au kipimo cha kiumbe mwenyewe, na haitoshi kuigundua ili kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Inapaswa kuulizwa pia iwapo mtoaji ananufaika kwa kueleweka, na iwapo mpokeaji ananufaika kwa kuitikia, kwa maana kiumbe anayenusa mabaki ya chakula cha jirani yake amepata habari bila ya jirani huyo kumwambia lolote.

Hapo ndipo ugumu wa somo hili unapojitokeza. Kuijua molekuli inayotumika ni kazi ya mkemia, ambaye huitenga kutoka katika mchanganyiko wa maelfu ya vitu na kuueleza muundo wake. Kujua jeni zinazoitengeneza na zinazoipokea ni kazi ya mtaalamu wa jenetiki. Umbali ambao molekuli husafiri kabla ya kupotea, na kasi ya kurundikana kwake, ni maswali ya fizikia na hisabati. Mwanahisabati ndiye pia anayeweza kukokotoa, kwa kanuni za nadharia ya michezo, ambayo huchunguza maamuzi ya pande zinazotegemeana, ni kwa nini jamii ya bakteria haiporomoki ingawa ndani yake wamo walaghai, yaani bakteria wasiotoa vimeng'enya lakini wanaokula chakula kilichosagwa na wenzao. Kama haya yote yana maana yoyote katika udongo halisi au ndani ya mgonjwa halisi ni juu ya mwanaikolojia na tabibu kuamua. Mtu mmoja aliyefundishwa fani moja huona upande mmoja tu wa jambo hilo, na upande huo mmoja unaweza kumpotosha.

Jena na urithi wake

Mji mmoja uliolitambua tatizo hilo mapema na kuliundia mpango kamili wa mafunzo ni Jena, mji wa wastani katika jimbo la Thuringia, mashariki ya Ujerumani. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Friedrich Schiller, kilichoanza kufundisha mwaka 1558, kilipata fedha za mpango wa kitaifa wa kuendeleza ubora wa vyuo vikuu kwa ajili ya kuanzisha Shule ya Jena ya Mawasiliano ya Vijidudu, ambayo ni shule ya wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Shule hiyo iliunganisha vitivo vya chuo na taasisi za utafiti zilizo katika mji huohuo, zikiwemo Taasisi ya Max Planck ya Ikolojia ya Kemikali na Taasisi ya Leibniz ya Utafiti wa Bidhaa Asilia na Bayolojia ya Maambukizi, inayobeba jina la Hans Knöll, mtaalamu aliyeongoza utengenezaji wa penisilini mjini humo katika miaka ya 1940. Tangu mwaka 2019 utafiti huo umepanuliwa katika mradi mkubwa zaidi unaochunguza mizani ya jamii za vijidudu, yaani yale yanayoiweka jamii hiyo katika utulivu na yale yanayoivuruga hadi ugonjwa ukatokea.

Historia ya mji inaeleza kwa nini wazo hilo lilipata udongo mzuri. Carl Zeiss alifungua karakana yake ya hadubini mjini Jena mwaka 1846; Ernst Abbe, mwanafizikia wa chuo kikuu, alijiunga naye, na mwaka 1873 akachapisha nadharia inayoeleza mpaka wa udogo wa kitu kinachoweza kuonekana kwa hadubini ya mwanga; Otto Schott, mkemia, akaja kutengeneza vioo vipya ambavyo nadharia hiyo ilivihitaji. Katika mji huohuo Ernst Haeckel, mwaka 1866, ndiye aliyelibuni neno ikolojia. Fundi, mwanafizikia, mkemia na mwanabayolojia walikwisha kuzoea kuhitajiana kabla ya taasisi za leo kuzaliwa.

Kuvu, mgeni wake na jirani yake

Matunda ya utaratibu huo yanaonekana vizuri katika habari ya kuvu iitwayo Rhizopus microsporus, ambayo huharibu miche ya mpunga kwa kuifanya mizizi yake ivimbe na kudumaa. Sumu inayoleta madhara hayo, rizoksini, huzuia seli za mmea zisigawanyike, na kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa ni kuvu yenyewe inayoitengeneza. Mwaka 2005 Laila Partida-Martínez na Christian Hertweck, wakiwa Jena, walionyesha kwamba mtengenezaji wa kweli ni bakteria anayeishi ndani ya nyuzi za kuvu hiyo. Kuvu ilipopewa dawa ya kuua bakteria, sumu ilitoweka. Bakteria alipooteshwa peke yake, sumu ilionekana. Utafiti uliofuata ulibainisha kwamba kuvu iliyonyang'anywa bakteria wake hushindwa hata kutengeneza spora, yaani vile vidonge vidogo ambavyo kwavyo kuvu huenea na kuzaliana, na kwa hiyo wawili hao wamefungamana kiasi kwamba ugonjwa wa mpunga ni kazi ya muungano wao. Ugunduzi huo ulihitaji kemia ya kuifahamu sumu, jenetiki ya kutambua kwamba jeni zake zinafanana na za bakteria, na hadubini ya kumwona bakteria huyo mahali alipo.

Mfano wa pili unahusu uwezo uliojificha. Jenomu ya bakteria wa udongo Streptomyces coelicolor, yaani jumla ya maelekezo yake yote ya urithi, ilipochapishwa mwaka 2002, ilionekana kuwa na makundi zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali maalumu, ingawa ni kemikali chache tu zilizokuwa zimejulikana kutoka kwa bakteria huyo. Jeni hizo hukaa kimya katika chombo cha maabara, pengine kwa kuwa hakuna jirani wa kuziamsha. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Jena, miongoni mwao Volker Schroeckh, Axel Brakhage na Hertweck, liliilea kuvu Aspergillus nidulans pamoja na bakteria mbalimbali 58 wa udongo, mmoja baada ya mwingine, na likakuta kwamba bakteria mmoja wa jamii ya Streptomyces, akigusana na kuvu hiyo, huziamsha jeni zilizokuwa zimelala, nayo ikaanza kutoa vitu ambavyo haikuwa ikivitoa ikiwa peke yake. Baadaye watafiti hao waliongeza katika jamii hiyo mwani wa kijani wa seli moja, Chlamydomonas reinhardtii, na wakaona kwamba mwani huo hujisitiri katikati ya nyuzi za kuvu na kupata kinga dhidi ya sumu ya bakteria. Viumbe watatu waliozoea kufundishwa katika idara tatu tofauti za chuo walionekana kuwa na maisha yanayotegemeana.

Matokeo ya aina hii yana maana kubwa kwa tiba, kwa kuwa sehemu kubwa ya viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, ilitokana na vijidudu vya udongo, na dunia inahitaji vipya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba katika mwaka 2019 vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu dhidi ya dawa. Mtafiti anayejua lugha ya kemikali inayoziamsha jeni zilizolala anaweza kupata dawa ambazo njia ya zamani ya kuotesha kijidudu kimoja kimoja isingezifichua. Wengine wanatafuta dawa zisizoua bakteria bali zinazoziba masikio yao. Mfano wake wa asili ni mwani mwekundu wa Australia, Delisea pulchra, unaotoa kemikali zinazovuruga ishara za bakteria ili wasijenge utando juu yake.

Malezi ya mtafiti

Mpango wa aina ya Jena hutegemea mambo matatu. La kwanza ni kwamba mwanafunzi huanza na swali lisilomilikiwa na idara moja, kwa hiyo hawezi kulimaliza bila kuvuka mlango wa maabara nyingine. La pili ni usimamizi wa pamoja: mwanafunzi wa uzamivu huwa na wasimamizi wa fani tofauti, na mkemia anayemsimamia hawezi kuridhika na usafi wa molekuli ikiwa mwanabayolojia anauliza ina kazi gani. La tatu ni mafunzo ya pamoja, ambamo mwanabayolojia hujifunza misingi ya takwimu na ya uchambuzi wa kemikali, na mwanahisabati hujifunza kuotesha bakteria kwa mikono yake, ili kila mmoja ajue ugumu wa kazi ya mwenzake na mipaka ya vipimo vyake. Lengo si kumfanya mtu mmoja awe bingwa wa kila kitu, jambo lisilowezekana. Lengo ni kumlea bingwa wa fani moja anayeweza kuuliza swali linaloeleweka katika fani nyingine na kulielewa jibu lake.

Malezi hayo yana gharama. Mwanafunzi hutumia miezi mingi kujifunza istilahi ambazo wenzake wa fani moja hawazihitaji, na vifaa vinavyohitajika, kama mashine za kupima uzito wa molekuli na za kusoma jenomu, ni ghali. Chuo kinachopima kazi ya mhadhiri kwa idara yake pekee huweza kuona ushirikiano kuwa upotevu wa muda. Kwa sababu hiyo, taaluma mtambuka hazistawi kwa nia njema peke yake; huhitaji fedha zilizotengwa kwa ajili yake, majengo yaliyo karibu, na viongozi wanaokubali kwamba sifa ya ugunduzi itagawanywa.

Mashamba na maji ya Afrika Mashariki

Maswali haya hayahusu maabara za Ulaya peke yake. Mkulima wa maharage, kunde, karanga au soya hutegemea mazungumzo ya kemikali kila msimu. Mizizi ya mimea hiyo hutoa vitu viitwavyo flavonoidi; bakteria wa kundi la rizobia wanaovitambua hujibu kwa molekuli zao maalumu; vinyweleo vya mizizi hujikunja kuwapokea, na vinundu hujengeka ambamo naitrojeni ya hewa hugeuzwa kuwa mbolea ya mmea. Bakteria asiyezijua ishara za zao husika hawezi kuingia, na ndiyo sababu chanjo ya rizobia ya soya haiwezi kutumiwa ovyo kwa kila zao la jamii ya kunde.

Sumukuvu nayo ni suala la maisha na kifo. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu Aspergillus flavus. Njia mojawapo ya kukabiliana nayo, ambayo imeanza kutumika Kenya na Tanzania, ni kusambaza shambani aina za kuvu hiyohiyo zisizo na uwezo wa kutengeneza sumu ili zizishinde zile zenye sumu katika kuwania chakula na nafasi. Anayetaka kuiboresha njia hiyo anahitaji kujua namna kuvu hizo zinavyotambuana na kuathiriana, swali linalowakutanisha mwanakilimo, mkemia na mtaalamu wa jenetiki. Kipindupindu, kinachorudi mara kwa mara katika miji na visiwa vya ukanda huu, kinawahitaji tabibu, mwanaikolojia wa maji na mwanahisabati wakae meza moja.

Msingi wa kazi hiyo umeshaanza kuwekwa. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kipo kituo cha SACIDS, kinachochunguza magonjwa ya kuambukiza kwa msimamo wa Afya Moja, unaoziangalia afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kuwa ni suala moja. Kinachoweza kuongezwa juu ya msingi huo ni kemia ya molekuli na hisabati ya jamii za vijidudu, pamoja na nafasi za uzamivu ambazo tangu siku ya kwanza zinamkabidhi kijana wa Morogoro, Nairobi au Kampala swali lililotoka shambani au wodini na wasimamizi wa fani zaidi ya moja wa kumwongoza. Uzoefu wa Jena unaonyesha kwamba ugunduzi wa maana juu ya vijidudu ulipatikana pale watafiti walipoacha kuvitenga, na kwamba hilo liliwezekana baada ya watafiti wenyewe kuacha kutengana. Vyuo vya Afrika Mashariki, ambavyo magonjwa na mazao yanayohusika yako mlangoni pao, vina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.